Meli ya Daphne 1883, profesa wa kwanza wa meli pale Glasgow, na sisi wa Mwanza tunaojua meli kupinduka ni nini

Tarehe 3 Julai 1883, siku ya Jumanne, kwenye yadi ya Alexander Stephen pale Linthouse, mtaa wa Govan, jiji la Glasgow kule Scotland, meli mpya ya wastani inaitwa Daphne ilishushwa kwenye mto Clyde ikiwa na watu kama 200 ndani. Hawakuwa abiria hao. Ni mafundi wa yadi, maseremala, wafunga mabomba, wapaka rangi, pamoja na vijana wadogo kabisa waliokuwa wanajifunza kazi, maana enzi hizo ilikuwa kawaida meli ikigusa maji tu watu waendelee na kazi humohumo ndani muda usipotee. Meli ikateleza vizuri kwenye chelezo, ikaingia majini, minyororo ya nanga ikaanza kuikamata isiende mbali, nanga ya upande mmoja ikashika na ya upande wa pili ikaburuzika, mkondo wa mto ukaipiga, meli ikalala upande wa kushoto, na kila kitu ambacho hakikufungwa, vifaa, mbao, na watu wenyewe, kikaporomokea kulekule ilikolalia. Ikapinduka ikazama mbele ya watu waliokuja kuangalia. Walikufa 124, wengi vijana.

Sasa mtu wa Mwanza akisoma hapo hahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 21 Mei 1996, nayo ilikuwa Jumanne, asubuhi, MV Bukoba ikitoka Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa imeshakaribia kabisa kufika hapa kwetu. Makaburi yapo Igoma, mnara upo, na kila mwaka ikifika Mei kuna familia zinaenda pale.

Ila nilichotaka kukichambua hapa ni kile kilichokuwa kinaendelea chuoni, pale pale Glasgow, maana kuna kitu kwenye historia ya idara yao ya uhandisi ambacho naona kinatuhusu sana watu wa ziwa na sijaona kinazungumzwa. Mmoja wa wataalamu waliochunguza kupinduka kwa Daphne, Francis Elgar, ndiye mwaka huohuo wa 1883 akawa profesa wa kwanza wa usanifu wa meli Chuo Kikuu cha Glasgow, na kile alichokipata kwenye mahesabu ya ajali ndicho akakiingiza kwenye taaluma. Swali lililotoka mtoni likaingia darasani, halafu jibu likarudi mtoni. Nataka tuone ilifanyikaje.

Turudi nyuma kidogo. Uhandisi Glasgow ulianza rasmi 1840, Malkia Victoria alipoanzisha nafasi ya uprofesa wa uhandisi wa ujenzi na makanika, ya kwanza kwa vyuo vikuu vya Uingereza. Ndio, huyohuyo Victoria ambaye miaka 18 baadaye Speke alisimama hapa Mwanza akalipachika ziwa letu jina lake. Profesa wa kwanza aliitwa Lewis Gordon, kijana wa miaka 25 tu, ambaye alishafanya kazi chini ya mhandisi Brunel kwenye handaki la mto Thames, na maprofesa wenzake hawakumpokea vizuri, wao walikuwa watu wa teolojia na sheria na tiba, wakaona mambo ya vyuma na madaraja yanaingiaje chuo kikuu. Gordon akakaa mpaka 1855, huku na huku akawa na biashara ya kamba za waya, halafu akaachia ngazi.

Aliyemfuata ndiye aliyeijenga idara kwelikweli. William John Macquorn Rankine. Kama umesoma uhandisi Tanzania hii umekutana na jina lake hata kama hukujua ni mtu wa wapi. Wa mitambo wanakutana naye kwenye mzunguko wa Rankine, ule wa mvuke unaoendesha mashine za kuzalisha umeme, na wa ujenzi wanakutana naye kwenye msukumo wa udongo nyuma ya ukuta, nadharia ya 1857, ambayo mpaka leo mtu akijenga ukuta wa kushikilia udongo kwenye hivi vilima vyetu vya Mwanza, iwe Bugando iwe Mabatini, kama amefuata utaratibu basi kuna mahali kwenye makaratasi yake hesabu ya Rankine imepita. Alikuwa Glasgow kuanzia 1855 mpaka alipofariki mkesha wa Krismasi 1872, akiwa na miaka 52.

Kitu ninachompendea Rankine kuliko hata hizo nadharia ni jinsi alivyoishi na watu wa yadi. Alikuwa rafiki wa wajenzi wa meli wa Clyde, anakaa nao, anawapigia hesabu za umbo la meli lipasue maji vipi, nao wanamletea matatizo yao. Mmoja wao alikuwa John Elder, mwenye yadi hapo Govan, aliyefanya kazi kubwa sana ya kuingiza injini ya mvuke ya hatua mbili kwenye meli, mvuke unasukuma silinda moja halafu badala ya kutupwa unaenda kusukuma nyingine, makaa ya mawe yakapungua kwa theluthi moja au zaidi kwa safari ileile. Hapo thermodainamiki ya Rankine, yaani elimu ya joto na nguvu, na nyundo za Elder zilikuwa kitu kimoja. Na ratiba ya chuo iliruhusu hivyo, masomo yalikuwa miezi ya baridi, kiangazi mwanafunzi anaenda yadi kushika kazi. Waliosoma Mlimani watasema hii si ndio PT, yale mafunzo kwa vitendo, na ndio, Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilipoanza 1973 wazo la kumpeleka mwanafunzi kiwandani kila mwaka lilikuwa sehemu yake.

Na idara ilikuwa imeshagusa mambo ya meli kupinduka kabla ya Daphne. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Captain, ilipinduka kwenye ghuba ya Biscay kwa dhoruba, wakafa watu wanaokaribia 480. Msanifu mkuu wa jeshi la majini, Edward Reed, alishapinga ule usanifu mapema na akajiuzulu kabla ajali haijatokea. Meli ile ilikuwa na ubavu mfupi sana juu ya maji, na hesabu ilionyesha nguvu yake ya kujiinua ikilala inafika kilele kwenye nyuzi 21 tu, baada ya hapo inapungua, wakati meli mwenzake Monarch waliyokuwa nayo bahari hiyohiyo usiku huohuo kilele chake kilikuwa nyuzi 40, na ikavuka salama. Serikali ikaunda kamati ya kupitia usanifu wa meli za kivita mwaka 1871, na ndani ya kamati hiyo walikuwemo Rankine na William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Kelvin, wote wa Glasgow, pamoja na William Froude ambaye ndiye baba wa kupima meli kwa mifano midogo kwenye bwawa.

Sasa tuje kwenye Daphne yenyewe. Serikali ikamtuma huyohuyo Reed aongoze uchunguzi. Alichokikuta kwa kifupi: meli ilikuwa na uthabiti mdogo tangu mwanzo, ukijumlisha vitu vilivyolegea ndani na watu wengi mno, haikuwa na njia ya kurudi wima. Yadi haikulaumiwa. Kwenye hilo moyo wangu unagoma, 124 wamekufa halafu hakuna wa kujibu, ila kiutaalamu nawaelewa walikuwa wanasema nini, kwamba utaratibu uliotumika pale ulikuwa ndio utaratibu wa yadi zote za mto mzima, hakuna aliyekuwa anapiga hesabu ya meli tupu inaposhushwa. Baada ya hapo ikawa wanaobaki ndani wakati wa kushusha ni wale tu wanaohitajika kuifunga meli.

Kinachotakiwa kueleweka ni hicho cha uthabiti, na nitakaa hapo kwa sababu ndipo watu wengi tunapokosea, hata sisi tunaopanda hivi vyombo kila wiki. Watu tunadhani meli inazama kwa sababu ni nzito. Uzito peke yake unaishusha tu chini kidogo kidogo mpaka maji yaingie. Kupinduka ni habari nyingine. Meli ina kitovu cha uzito wake, tukiite G, na maji nayo yanaisukuma juu, na meli ikilala kidogo upande ule msukumo wa maji unahamia upande iliolalia, na ukiuchora mstari wake kwenda juu unakata mstari wa katikati ya meli mahali panaitwa metasenta, M. Kama M iko juu ya G, meli ikilala maji yenyewe yanairudisha. Kama G imepanda ikaipita M, maji yaleyale yanaimalizia kuilaza. Umbali kati ya G na M, mafundi wanauita GM tu, ndio kitu cha kukijua kwenye chombo chochote, na cha ajabu ni kwamba ni umbali mdogo, mara nyingi ni wa kupima kwa sentimita, kwenye meli ya mamia ya tani. Yeyote aliyewahi kusimama ghafla ndani ya mtumbwi anaijua GM kwa mwili wake hata kama hajasikia jina.

Tuweke namba, mfano wa kubuni ila wa saizi ya vyombo vyetu. Meli ina tani 800 kwa jumla, GM yake sentimita 40. Abiria 300, kila mmoja tuseme kilo 65, ni kama tani 19 na nusu. Wote wakahama mita 4 kwenda upande mmoja, labda wameona bandari, labda mvua inapiga upande wa pili. Hesabu ni uzito uliohama mara umbali, gawanya kwa uzito wa meli mara GM, unapata mteremko, na hapa inatoka meli imelala nyuzi kama 14. Inatisha lakini inakaa. Sasa chukua meli hiyohiyo, watu haohao, ila GM ni sentimita 20. Italala nyuzi kama 26. Hapo ukingo wa sitaha unaweza kuwa umegusa maji, mizigo inaanza kuporomoka, na mizigo ikiporomoka inaongeza mlalo, na mlalo unaleta mizigo mingine. Daphne yote iko hapo.

Na GM inapotea kirahisi sana. Kwenye meli hiyo ya tani 800, chukua mzigo wa tani 20 uliotakiwa kukaa chini tumboni uuweke juu kwa tofauti ya mita 5. Hujaongeza hata kilo moja, idadi ya abiria haijabadilika, chombo hakijashuka hata kidogo majini, mkaguzi akiangalia alama ya ubavuni anaona sawa kabisa. Lakini G imepanda sentimita 12 na nusu, kwa hiyo kutoka GM ya 40 umebaki na 27 na nusu. Maji yakiingia ndani yakawa yanacheza huku na huku sakafuni yanakula tena sehemu iliyobaki.

Elgar alichoongeza ndicho kilibadilisha kazi. Miezi minane hivi kabla ya Daphne, Novemba 1882, meli kubwa ya abiria inaitwa Austral, iliyojengwa yadi ya John Elder hapohapo Govan, ilizama bandarini Sydney ikiwa imetulia tu inapakia makaa ya mawe. Elgar aliichunguza na hiyo pia. Meli mbili, zote mpya, zote kwenye maji tulivu, moja haijaanza kazi na nyingine haiendi popote. Akaja na hoja, mwaka 1884 akaiwasilisha kwa wasanifu wenzake, kwamba uthabiti wa meli hauwezi kutolewa kama namba moja ya kudumu, unabadilika kadiri meli inavyokaa chini au juu majini, na hasa meli ikiwa nyepesi, haijapakiwa, inaweza kuwa na hatari ambayo huioni ukiiangalia ikiwa imejaa. Watu walikuwa wanaamini meli nyepesi iliyokaa juu na ubavu mrefu ndio salama. Mahesabu yakasema hapana, pima kwa kila hali. Na akasema zaidi, kwamba hesabu hizi ziende mpaka kwa anayepakia meli, zimwongoze mzigo gani ukae wapi, zisibaki kwenye kabati la msanifu.

Hiyo nafasi yake ya uprofesa ilitoka wapi? Kwa mwanamke. Isabella Elder, mjane wa yule John Elder rafiki wa Rankine. John alifariki 1869 akiwa na miaka 45, mke akaiendesha yadi mwenyewe kwa miezi kadhaa, moja ya yadi kubwa kabisa za dunia wakati ule, halafu akaikabidhi kwa ushirika uliokuwa na kaka yake ndani. Mwaka 1883 akatoa pauni 12,500 chuo kianzishe uprofesa wa usanifu wa meli wenye jina la mume wake. Mtu asije akasema ajali ya Daphne ndiyo iliyozaa idara, fedha zilikuwa za kumuenzi mume, na mama huyu alishakuwa anasaidia chuo kabla. Lakini vilikutana mwaka mmoja na mtaa mmoja, na bustani aliyowapa watu wa Govan, Elder Park, ndimo ulimo mnara wa kumbukumbu wa waliokufa kwenye Daphne. Huyohuyo mama alisaidia pia elimu ya wanawake, akanunua jumba likawa chuo cha wanawake, na 1901 Glasgow wakampa udaktari wa heshima.

Elgar hakukaa sana, 1886 akaondoka kwenda kuwa mkurugenzi wa yadi za jeshi la majini. Akaja Philip Jenkins, halafu kuanzia 1891 John Harvard Biles akashika miaka 30, na huyu 1912 alikuwa mmoja wa wataalamu waliokaa pembeni ya Lord Mersey kwenye uchunguzi wa Titanic. Upande wa uhandisi mwingine James Thomson, kaka yake Kelvin, mtu wa turbaini za maji, alichukua nafasi ya Rankine 1873 mpaka 1889, akafuata Archibald Barr, mtengenezaji wa vifaa vya kupima umbali kwa macho, aliyeisukuma idara mpaka ikapata maabara yake 1901. Mwanafunzi wa Rankine, Henry Dyer, alipelekwa Tokyo 1873 akiwa na miaka 24 kwenda kuwa mkuu wa chuo kipya cha uhandisi cha Japani, akawapangia masomo ya miaka sita, darasani na kazini, darasani na kazini. Wajapani nao wakaanza kuja Glasgow kusoma. Taifa lililokuwa linanunua meli za chuma nje, baada ya kizazi kimoja tu likawa linazijenga.

Na hapa ndipo linaponiuma. Clyde na ziwa letu ni watu wanaofahamiana siku nyingi. William Mackinnon, moja ya meli za mvuke za kwanza kabisa ziwani, ilijengwa Paisley, jirani na Glasgow, ikaletwa vipande, ikaunganishwa Kisumu. MV Victoria yetu hii, iliyobeba bibi na babu zetu kwenda Bukoba, ilijengwa na Yarrow pale Scotstoun, ng'ambo ya mto na chini kidogo ya Linthouse ilikozama Daphne, ikaletwa vipande Kisumu ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi MV Mwanza, meli ya mita 92 na zaidi, ya kubeba abiria 1,200 na mzigo tani 400, imeunganishwa hapahapa Mwanza Kusini na vijana wetu wameshika mashine za kuchomelea, ila usanifu na mkandarasi mkuu ni Korea Kusini. Zaidi ya miaka mia moja chuma kinakuja na mahesabu yanakuja nacho yameshafungwa.

Tuiweke MV Bukoba kwenye meza ya Elgar. Ilijengwa 1979, uwezo wake uliotajwa ni abiria 430 na mzigo tani 850. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa wanatajwa karibu 900 na wapo wanaosema zaidi. Kila mtu anasema ilijaza, na kweli ilijaza, ila kwa nilivyoeleza hapo juu kujaza kuna maana mbili. Tani 850 ni mzigo mkubwa, watu mia kadhaa wa ziada kwa uzito ni tani chache mno ukilinganisha na hizo, kwa hiyo ukipiga hesabu ya kuelea tu utasema watu walikuwa wanabebeka. Tatizo la watu ni mahali wanapokaa, wako juu kwenye sitaha, na wanatembea. Mzigo wa kwenye tumbo la meli hauamki asubuhi ukaenda kuangalia Mwanza inavyokaribia. Kwa hiyo daraja la tatu kukosa orodha maana yake ni zaidi ya kutojua majina ya marehemu, ambalo lenyewe ni jambo zito kwa familia. Maana yake hakuna mtu humo ndani aliyekuwa na uwezo wa kujua GM ya meli asubuhi ile. Karani wa tiketi ndiye aliyekuwa ameshika namba ya kwanza ya hesabu nzima, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Halafu lile la kutoboa. Meli imepinduka lakini bado inaelea, watu wanagonga kwa ndani, waokoaji wakakata bodi ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Siwezi kumlaumu aliyekuwa ameshika kifaa kile, unasikia mtu anagonga ufanyeje. Lakini kilichokuwa kinaielesha ile meli ni ile hewa iliyonaswa, na tundu likiwa juu ya usawa wa maji hewa inatoka na maji yanapanda kutoka chini kuchukua nafasi. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka pale Ukara ikiwa hatua chache ifike gati, kivuko cha kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220. Siku mbili baada ya ajali fundi mmoja wa kivuko akatolewa hai kutoka ndani, alikuwa kwenye chumba kilichobaki na hewa. Miaka 22 katikati ya hizo ajali mbili.

Hapa Mwanza uhandisi unafundishwa. SAUT pale Malimbe wana uhandisi wa umeme na wa ujenzi, DIT ina kampasi yake, na vijana ni wazuri kweli. Daraja la Kigongo-Busisi la kilomita 3 limefunguliwa Juni 2025 na limepunguza foleni za vivuko, ila hakuna daraja la kwenda Ukara, wala Bukoba, watu wataendelea kupanda vyombo vya maji. Na asilimia kubwa ya vyombo hivyo ni boti za mbao. Nenda Kirumba mwaloni alfajiri uangalie boti za visiwani zikipakiwa, magunia na kreti vinapangwa mpaka juu ya ukingo, abiria wanakaa juu ya mzigo, mwenye chombo anaangalia kwa jicho, boti ikilala kidogo anasema "wawili hamieni huku", ikinyooka anawasha injini. Yule baba anafanya hesabu ileile ya Elgar kwa macho na uzoefu wa miaka, na siku nyingi anapatia. Hajui tu amebakiza sentimita ngapi.

Na kuzijua hakuhitaji mashine kutoka nje. Kipimo kinachotumika duniani kote kabla meli haijaanza kazi ni cha kuilaza kidogo kwa makusudi. Unachagua asubuhi isiyo na upepo, maji yametulia, unalegeza kamba zote za kufungia, matenki ama yamejaa kabisa ama yako tupu, watu wote wasiohusika wanashuka. Unaning'iniza timazi kwa uzi mrefu katikati ya chombo, timazi yenyewe inazama kwenye ndoo ya maji ili isiyumbe, na karibu na uzi unaweka rula. Unahamisha uzito unaoujua, mfano mifuko ya saruji, kutoka upande mmoja kwenda wa pili, umbali umeupima kwa futi kamba, halafu unasoma uzi umesogea milimita ngapi kwenye rula. Unarudisha, unasoma tena, unahamishia upande mwingine. Urefu wa uzi unaujua, uzito wa mifuko unaujua, uzito wa chombo unaupata kwa umbo lake lililozama majini, GM inatoka. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na wenzake wanne.

Ningependa sana kuona mradi wa namna hiyo ukifanyika hapa, boti ishirini, thelathini za Kirumba na Nansio, zipimwe zikiwa tupu, zikiwa na mzigo chini, zikiwa na watu juu ya mzigo, maana Elgar alishasema hali moja haitoshi, halafu kila mwenye boti apewe karatasi yake kwa Kiswahili inayosema chombo chako ukiweka gunia kadhaa chini unaweza kuweka watu kadhaa juu, ukizidisha hapa huna kitu. Idara ile ya usanifu wa meli ya Glasgow ilikuja kuunganishwa na ya Chuo Kikuu cha Strathclyde mwaka 2001 na wanaendelea kusomesha watu wa dunia nzima, kwa hiyo wa kuwaandikia barua kuomba ushauri wapo. Wenye boti nao wapo, nimeshazungumza na wawili, wote walichouliza ni kimoja tu, kama kupimwa kutawapotezea siku ya safari.